Diski Ihukumiwe Darasani: Maoni Juu ya Uchaguzi wa Programu za Kuchomea DVD

Katika mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanafunzi hupimwa kwa mambo mengi: andalio lake la somo, sauti yake, matumizi yake ya ubao, na zana zake za kufundishia. Chati, ramani na vitu halisi ni zana zilizozoeleka tangu zamani. Siku hizi wanachuo wetu wameanza kutuletea zana nyingine, nayo ni diski ya DVD yenye picha walizozipiga wao wenyewe kwa simu ya mkononi. Sisi tunaipenda zana hii, kwa kuwa inamwonyesha mtoto jambo ambalo chati haiwezi kumwonyesha. Hata hivyo, tumeona kwamba mara nyingi hutayarishwa pasipo kufikiri, na kwamba sisi wakufunzi tumechangia kosa hilo. Shabaha ya makala haya ni moja tu: kueleza kwamba programu ya kutengenezea DVD haina budi kuchaguliwa kwa kuitazama deki iliyoko shuleni, wala si kwa kuitazama kompyuta iliyoko chuoni.

Kisa Kilichotufungua Macho

Mwanachuo mmoja alipangiwa kufundisha somo la Sayansi katika Darasa la Tano, mada ikiwa ni mzunguko wa maisha ya mbu. Alijitahidi sana. Aliteka maji ya dimbwi yenye viluwiluwi, akayatia katika chupa nyeupe, akafunika kwa chandarua, na kwa muda wa siku kumi akapiga picha kila asubuhi na jioni. Alibahatika kumnasa mbu akitoka katika ganda la pupa na kusimama juu ya maji akikausha mabawa yake. Hilo ni tukio la dakika chache ambalo watu wazima wengi hawajapata kuliona, ingawa wamelala na mbu chumba kimoja maisha yao yote.

Alituletea diski. Tuliitia katika kompyuta ya ofisi yetu, picha zikatokea safi, nasi tukampa alama zote za zana. Siku ya somo ilipofika, televisheni na deki vilibebwa kutoka ofisi ya mwalimu mkuu hadi darasani. Umeme ulikuwepo. Watoto walikuwa kimya, shingo zimenyooka. Deki ikaizungusha diski, ikaguna, ikaandika kwamba haiwezi kuisoma. Ikatolewa, ikafutwa kwa kitambaa, ikarudishwa. Jibu likawa lile lile. Katika kipindi cha dakika 40, dakika 12 zilipotea hivyo mbele ya macho yetu. Watoto waliambiwa kwamba picha zingekuja kesho. Hazikuja. Chupa ya viluwiluwi, ambayo ingeliokoa somo, ilikuwa imeachwa chuoni kwa kuwa diski ilidhaniwa kutosha.

Hasara haikuishia hapo. Katika vipindi vyote vilivyosalia, mwanachuo yule hakutumia tena zana yoyote. Alishika chaki na kunakilisha maelezo. Watoto ambao wangeweza kukumbuka kwamba mbu wa chumbani alikuwa kiluwiluwi wa dimbwi la nyuma ya nyumba walibaki na maneno manne ya kukariri: yai, kiluwiluwi, pupa, mbu. Sisi tuliompa alama zote ndio tuliokosa kwanza, maana tuliihukumu diski mahali ambapo haikukusudiwa kutumika.

Kosa Lilikuwa Wapi?

Mwanachuo yule alitumia njia iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Mtu akitia diski tupu katika kompyuta ya namna hiyo, huulizwa anataka kuitumiaje: kama flashi, au pamoja na mashine ya kuchezea CD na DVD. Alichagua hilo la pili, na ni nani angechagua vingine? Lakini chaguo hilo, licha ya jina lake, halitengenezi DVD ya kutazama. Linanakili tu faili kama lilivyo. Faili la simu la aina ya MP4 liliingia katika diski likiwa MP4, na deki kuukuu ya shule haikujifunza kusoma MP4.

Kompyuta ya ofisi yetu ilicheza diski hiyo kwa sababu ina programu ya VLC, ambayo husoma karibu kila aina ya faili. Hapo pana fundisho. Programu yenye uwezo mkubwa wa kusoma ni rafiki mwema wa mtazamaji, lakini ni msahihishaji mbaya: humpitisha kila mtahiniwa. Kuona picha katika kompyuta si ushahidi kwamba deki nayo itazionyesha.

DVD ya kutazama ina kanuni zake, zilizowekwa katika miaka ya 1990 na kuanza kutumika sokoni huko Japani mwaka 1996. Picha sharti ziwe katika mfumo wa MPEG-2, au MPEG-1 uliotangulia. Kwa nchi zinazofuata PAL, kama Tanzania na Kenya, picha kamili huwa na vitone 720 kwa upana na mistari 576 kwa kimo, nazo hupita 25 kila sekunde. Sauti huwa ya AC-3, ya PCM au ya MPEG. Sauti ya AAC ambayo simu nyingi huirekodi haimo katika kanuni hizo. Tena yote hayo hupangwa ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS, yenye mafaili ya VOB yanayobeba picha na sauti, mafaili ya IFO yanayoiongoza deki, na mafaili ya BUP ambayo ni nakala za akiba za IFO. Mwalimu mwanafunzi akiifungua diski yake katika kompyuta na asiione folda hiyo, na ajue kwamba alichonacho si DVD ya kutazama bali ni mfuko wa mafaili.

Kazi Tatu Zisizofanana

Wanachuo hutuuliza, “Ni programu ipi iliyo bora?” Tunaona kwamba swali hilo halijakamilika. Kutengeneza DVD ni kazi tatu, na programu nyingi hufanya moja au mbili tu.

Kazi ya kwanza ni kugeuza: faili la simu hubadilishwa kuwa MPEG-2 yenye vipimo vinavyokubalika. Kazi ya pili ni kutunga: picha zilizogeuzwa hupangwa katika folda ya VIDEO_TS, hugawanywa katika sura, na pengine huwekewa ukurasa wa kuchagulia. Kazi ya tatu ni kuchoma: folda hiyo huandikwa katika diski kwa mwanga wa leza. Basi swali la kwanza kwa programu yoyote ni hili: inafanya zipi kati ya kazi hizi tatu?

Tukishika mgawanyo huo, mambo mengi hunyooka. HandBrake ni programu nzuri ya kugeuza, lakini hugeuza kuelekea MP4, MKV na WebM. Haitungi DVD wala haichomi. ImgBurn huchoma vizuri sana, lakini haigeuzi picha; ukiipa MP4 itaichoma kama faili la kawaida, yaani itarudia kosa la mwanachuo wetu kwa ustadi mkubwa zaidi. DVDStyler hugeuza, hutunga na huchoma. Ni ya bure, nayo hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux. DVD Flick nayo, ya Windows peke yake, hufanya zote tatu kwa njia iliyo rahisi. Windows Vista na Windows 7 zilikuwa na DVD Maker ndani yake katika baadhi ya matoleo, lakini Microsoft iliiondoa katika Windows 8 iliyotoka mwaka 2012. Kwa hiyo mwanachuo anayeelekezwa na kaka yake kuitafuta katika kompyuta mpya atatafuta bure.

Masharti Tunayoyapendekeza

Kwanza, programu iweze kutoa picha za PAL, na mtumiaji ahakikishe kwamba ameichagua PAL kabla ya kuanza. Programu nyingine huanza na NTSC, mfumo wa Marekani na Japani wenye mistari 480 na picha zipatazo 30 kwa sekunde. Deki nyingi za kwetu husoma mifumo yote miwili, lakini televisheni kuukuu yaweza kuonyesha NTSC bila rangi, au picha ikawa inapanda na kushuka.

Pili, programu ionyeshe wazi nafasi iliyotumika na kiasi cha biti kwa sekunde. Hapa wanachuo wengi hupotoka. Huona mafaili sita ya simu, kila moja la saa moja na megabaiti 700, wakajumlisha na kusema yataingia katika diski ya gigabaiti 4.7. Yataingia kama mafaili, lakini DVD ya kutazama haihesabu hivyo. Ikishageuzwa kuwa MPEG-2, kinachotawala ni dakika, si uzito wa faili la awali. Tufanye hesabu. Baiti bilioni 4.7 ni biti bilioni 37.6. Kipindi cha saa mbili kina sekunde 7,200. Tukigawanya tunapata takriban biti milioni 5.2 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja, na hicho ni kiasi kizuri. Saa sita ni sekunde 21,600, nazo zinapata biti milioni 1.7 tu kwa sekunde. Picha zitakuwa na ukungu na vipande vya mraba, na kiluwiluwi hatatambulikana na uchafu wa maji. Kanuni yenyewe haikubali picha kuzidi biti milioni 9.8 kwa sekunde, hivyo hata filamu fupi haifaidiki kwa kupewa zaidi ya hapo. Wala mwanachuo asishtuke kompyuta ikimwonyesha kwamba diski yake ina 4.38 badala ya 4.7, Windows huhesabu kwa 1,024 pale ambapo kiwanda huhesabu kwa 1,000.

Tatu, programu iweze kuhifadhi kazi katika folda au katika faili la ISO kabla ya kuichoma. Sharti hili lina faida kwa mfuko wa mwalimu. Kazi iliyohifadhiwa hukaguliwa kwanza katika kompyuta. Sauti ikiwa imeachana na midomo, au ukurasa wa kuchagulia ukiwa haufunguki, kosa husahihishwa pasipo kuharibu diski hata moja.

Nne, programu iwe halali. Tumeona kompyuta za wanachuo zikiwa na programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, zilizopokewa kwa flashi kutoka kwa mtu asiyejulikana. Mara nyingi virusi huja kwa njia hiyo hiyo, na flashi hiyo hiyo ndiyo inayobeba mitihani ya shule. Mwalimu anayemkataza mtoto kunakili jibu la mwenziwe hana uso wa kutumia kitu kilichoibwa. Zaidi ya hayo, hana haja, maana tumekwisha kuzitaja zilizo za bure. Ila hata hizo na zipakuliwe kutoka kwa wenyewe, na kila ukurasa wa usakinishaji usomwe kabla ya kukubali. Kisakinishi cha ImgBurn 2.5.8.0, kwa mfano, kiliwahi kusambazwa pamoja na programu nyingine ambazo mtumiaji hakuziomba.

Tano, mapambo yawe ya mwisho. Mwanachuo hupenda programu yenye maua, muziki na herufi zinazoruka. Darasani, ukurasa wa kuchagulia wenye vitufe vinane huwa ni mtego: mwalimu anatafuta rimoti, rimoti haina betri, na watoto wanaanza kupiga soga. Sisi twapendelea diski inayoanza yenyewe mara inapotiwa, yenye sura chache zinazolingana na hatua za andalio la somo, ili mwalimu aweze kusimamisha baada ya kila hatua na kuuliza maswali. Katika jambo hili DVD Flick isiyo na madaha inaweza kumfaa mwalimu kuliko programu ya bei kubwa.

Mtu aweza kusema kwamba DVD Flick haijatolewa upya tangu mwaka 2009, na ImgBurn tangu mwaka 2013. Ni kweli. Lakini kanuni za DVD ya kutazama nazo hazibadiliki. Deki ya shule inataka leo kile kile ilichokitaka siku iliponunuliwa. Umri wa programu si ugonjwa, maadamu inafanya kazi katika kompyuta uliyonayo na inatoa kile ambacho deki inakihitaji.

Baada ya Kuchagua

Programu njema haiokoi diski iliyochomwa ovyo. Kuna diski za DVD-R na za DVD+R. Deki mpya kidogo husoma zote, ila baadhi ya zile kuukuu hupokea DVD-R kwa urahisi zaidi. Mwanachuo na aulize shuleni au ajaribu aina zote mbili. Tunashauri ichomwe kwa kasi ya kati, kama 4x au 8x, hata kama diski imeandikwa 16x; tofauti ya dakika chache si kitu mbele ya somo zima. Ifungwe kabisa mwishoni mwa kazi, kwa sababu diski iliyoachwa wazi husomwa na kompyuta iliyoichoma na kukataliwa na deki. Jina liandikwe juu yake kwa kalamu laini iliyokusudiwa kuandikia diski, wala isibandikwe karatasi, maana karatasi ikikaa upande diski huyumba inapozunguka.

Picha zenyewe nazo zipigwe kwa kumfikiria mtoto wa dawati la nyuma. Simu ilazwe, isisimamishwe, la sivyo picha itakuwa ukanda mwembamba katikati ya kioo. Maandishi yawe makubwa na machache. Na inapowezekana picha ziwe za mwalimu mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za watu, na picha za dimbwi la kijijini zina nguvu ambayo filamu ya ughaibuni haina: mtoto analijua dimbwi lile.

Hoja za Wapinzani Wetu

Wapo wanaosema kwamba DVD imepitwa na wakati, na kwamba kompyuta mpakato nyingi za leo hazina hata mahali pa kutilia diski. Wana haki katika sehemu ya kwanza ya hoja yao. Shule ikiwa na televisheni yenye tundu la flashi, na mwalimu akiwa ameijaribu kwa faili lile lile atakalolitumia, hana sababu ya kuchoma diski. Lakini shule haichagui kifaa chake kwa kufuata wakati; inatumia ilichonacho. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipita katika redio, vijitabu na vikundi vya kujifunza, kwa kuwa redio ndiyo iliyokuwa ikiwafikia watu vijijini. Hekima ile bado ni hekima. Mahali ambapo kuna deki na televisheni ya kioo kinene, chombo cha kisasa ni DVD inayocheza. Kwa kompyuta isiyo na mahali pa diski, kichomeo cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB chaweza kununuliwa kimoja na kutumiwa na chuo kizima.

Wengine husema kwamba kazi hii ni ya fundi, mwalimu apeleke simu yake dukani na kurudishiwa diski. Sisi hatukubaliani nao. Fundi hajui kama mwalimu anataka kusimamisha picha baada ya hatua ya pupa, wala hajui deki ya shule ni ya namna gani. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitutaka tumwandae kijana atakayeweza kuitumia akili na mikono yake katika mazingira yake mwenyewe. Mwalimu asiyeweza kutengeneza zana yake ataishi kwa kuomba zana, na akiinyimwa atarudi kwenye chaki na kunakilisha.

Hitimisho

Tunatoa mapendekezo mawili kwa wakufunzi wenzetu na kwa walimu wanafunzi. La kwanza, diski isipewe alama hata moja mpaka iwe imechezwa katika deki, na ikiwezekana katika deki ya shule ile ile itakayotumika, siku moja kabla ya somo. Chuo na kitenge deki moja kuukuu kwa ajili ya majaribio. Iliyo mbovu kidogo ndiyo nzuri zaidi, maana ikikubali hiyo zitakubali nyingi. La pili, kila andalio la somo lenye diski lionyeshe pia zana ya pili isiyohitaji umeme. Chupa ya viluwiluwi haina haja ya programu.

Mwanachuo wetu tulimwita baadaye, tukamweleza kosa lake na letu, tukaketi naye. Picha zile ziligeuzwa, zikatungwa katika sura nne, zikachomwa upya. Diski hiyo sasa imo katika kabati la zana la chuo chetu, nayo inacheza. Lakini watoto wa darasa lile walikwisha kuingia Darasa la Sita, na mada ya mbu walikuwa wameipita. Ndiyo maana tunawaomba, ninyi mnaojiandaa kwenda shuleni, mwijaribu diski mapema, wakati kosa likiwa bado linamgharimu mwalimu na wala si mtoto.